Shajara ya Mradi: Kuwaandaa Wanafunzi wa Uzamili na Uzamivu kwa Kazi Zilizo Nje ya Chuo

Jumatatu, 21 Oktoba 2024

Kurugenzi ya shahada za juu imeridhia, baada ya barua tatu na kikao kimoja kirefu, kwamba tufanye majaribio ya mwaka mmoja ya kuwaandaa wanafunzi wa uzamili na uzamivu kwa kazi zilizo nje ya vyuo vikuu. Tumepewa chumba cha semina kila Jumatano alasiri, projekta inayowaka inapotaka, na fungu dogo la chai. Waratibu ni wawili: mimi, ninayefundisha mbinu za utafiti, na mwenzangu wa ofisi ya ushauri wa wanafunzi, ambaye kabla ya kuja hapa Dar es Salaam alikuwa afisa rasilimaliwatu wa benki kwa miaka tisa. Ninaandika kumbukumbu hizi kwa sababu mradi wa namna hii ukizimika bila maandishi, atakayeuwasha tena ataanzia pale pale tulipoanzia sisi.

Wapo waliotutangulia. Nchini Uingereza, ripoti ya Sir Gareth Roberts ya mwaka 2002 ilipendekeza wanafunzi wa uzamivu wa sayansi wapewe angalau wiki mbili za mafunzo ya stadi kila mwaka, na serikali ikatenga fedha kwa ajili hiyo. Nchini Marekani, National Institutes of Health, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, ilitoa ruzuku kwa taasisi 17 katika miaka ya 2013 na 2014 ili zijaribu njia za kuwafungulia watafiti chipukizi wa sayansi za tiba milango mingine zaidi ya uprofesa. Nimesoma nilichoweza kukipata kuhusu miradi hiyo, na ninasita kuibeba kama ilivyo. Kule kuna makampuni makubwa ya dawa na ya teknolojia yanayowatafuta wenye uzamivu, ilhali kwetu mwajiri anayetazamwa na kila mhitimu ni serikali, na serikali haiajiri kwa kufuata kichwa cha tasnifu.

Jumatano, 6 Novemba 2024

Kikao cha kwanza. Waliojiandikisha ni 31, waliofika ni 27, na wanne kati yao walifika chai ilipokwisha. Kabla ya maelezo yoyote nilimpa kila mmoja kipande cha karatasi aandike kazi anayotaka kuifanya baada ya kuhitimu. Karatasi 22 zilirudi na neno mhadhiri. Tatu zilisema mtafiti, moja ilisema kazi yoyote ya halali, na moja ilirudi tupu.

Nikauliza ni wangapi wamewahi kulisoma tangazo la nafasi ya Mhadhiri Msaidizi tangu mwanzo hadi mwisho. Ilinyooshwa mikono minne. Basi nikawasomea. Katika vyuo vikuu vya umma, mwombaji anatakiwa awe na GPA, yaani wastani wa alama za masomo, isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza na isiyopungua 4.0 katika uzamili. Chumba kilinyamaza kwa namna ambayo sijawahi kuizoea darasani. Mwanafunzi mmoja wa uzamivu, aliye mwaka wa tatu na aliyemaliza shahada ya kwanza kwa GPA ya 3.5, aliuliza polepole: “Mwalimu, kwa hiyo hata nikichapisha makala kumi?” Nilimjibu kwamba kwa nafasi zile na masharti yale, makala hazifuti alama za shahada ya kwanza, na kwamba waajiri wengine wana vipimo vyao ambavyo tutavitazama kimoja kimoja. Alishukuru kwa adabu, akaketi. Nadhani hakusikia chochote kilichofuata.

Jambo hili limenikaa moyoni hadi usiku huu. Sisi tunaowasimamia tunayajua masharti hayo kwa ghibu, kwa kuwa tulipita humo humo. Tumepokea ada zao, tumewasahihishia sura ya pili mara nne, na hakuna hata mmoja wetu aliyewauliza shahada yao ya kwanza waliimalizaje. Mwanafunzi yule amenieleza baadaye kwamba nyumbani kwao Songea wanajua kitu kimoja tu, kwamba mtoto wao anasomea uprofesa.

Jumatano, 27 Novemba 2024

Hatukukutana, kwa kuwa leo ni siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa na imetangazwa kuwa ya mapumziko. Nilipiga kura mapema, nikautumia mchana kusoma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, moja baada ya jingine, kwa jicho la mtu anayetafuta kazi. Masharti ya jumla hujirudia karibu neno kwa neno: mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa yule ambaye tayari yuko kazini serikalini; aambatishe maelezo binafsi yanayojitosheleza pamoja na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika; vyeti viwe vimethibitishwa na mwanasheria; hati za matokeo ya muda hazikubaliwi.

Nilipoyasoma kwa kuwafikiria wanafunzi wetu, kila sharti liligeuka kuwa mtu. Sharti la umri linamgusa mwanafunzi wa uzamivu aliyekuwa akifundisha sekondari binafsi, aliyeanza masomo haya akiwa na miaka 41 na ambaye hesabu yake ya miaka minne haikuwa na nafasi ya kuchelewa hata muhula mmoja. Sharti la vyeti linawagusa wote waliotetea tasnifu zao na kupewa barua ya kuthibitisha kuwa wamefaulu, lakini wanasubiri mahafali ili wapate cheti chenyewe. Miezi hiyo ya kusubiri ndiyo ambayo tangazo hupita. Haya si mambo ya kufundishwa kwa semina. Ni ya kuambiwa mtu siku ya kwanza anapochukua fomu, ili apange miaka yake akiyajua.

Kuna la tatu, nalo ndilo linalouma zaidi. Katika sehemu kubwa ya matangazo niliyoyasoma leo, uzamivu hautajwi. Anayetakiwa ni Afisa wa Daraja la II mwenye shahada ya kwanza, na mwenye uzamivu anayeomba nafasi hiyo anajua kwamba huenda akapangwa dawati moja na kijana aliyemfundisha semina mwaka juzi. Wapo watakaokubali na wapo watakaoona ni kushushwa hadhi. Mradi hauwezi kumchagulia mtu, ila unaweza kuhakikisha kwamba anachagua akiwa na tangazo mkononi, maana hadi sasa wengi wanachagua kwa kusikia tu.

Jumatano, 11 Desemba 2024

Wanafunzi 19 wameleta wasifu wao wa kazi, na mwenzangu ameusoma wa kila mmoja kwa kalamu nyekundu. Mfupi kuliko wote una kurasa nne na mrefu una 11. Karibu wote unaanza na mahali pa kuzaliwa, dini na hali ya ndoa, ukapanda ngazi kutoka shule ya msingi, na tasnifu, iliyomla mtu miaka mitatu au minne ya maisha yake, ikapewa mstari mmoja wenye kichwa cha habari tu.

Tuliutumia muda wote wa leo kwa mwanafunzi mmoja, mbele ya wenzake na kwa ridhaa yake. Anasoma uzamivu katika elimu ya wadudu. Wasifu wake ulisema: utafiti kuhusu mienendo ya mbu aina ya Anopheles funestus katika Bonde la Kilombero. Mwenzangu akamwomba asahau kichwa hicho na asimulie siku zake zilivyokuwa. Ikatokea kwamba alikaa vijijini miezi 14; kwamba aliwafundisha vijana sita wa pale kutega mitego na kujaza fomu; kwamba alikwenda kwa wenyeviti wa vijiji na kisha nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa ya kuweka mitego vyumbani wanamolala watu; kwamba alifuatilia kibali cha maadili ya utafiti hadi kikatoka; kwamba alitunza sampuli kwenye baridi katika mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa; na kwamba kila mwezi alitoa hesabu ya fedha za mafuta ya pikipiki na posho za vijana wake bila kupungukiwa risiti. Alipomaliza, mwenzangu alimuuliza kwa nini hayo yote hayamo katika wasifu. Akajibu: “Hiyo siyo kazi, mwalimu. Hiyo ilikuwa fildi tu.”

Mwenzangu alicheka, kisha akasema kwamba mtu aliyesimamia watu sita, fedha na vibali kwa miezi 14, kule benki walimwita meneja. Nimeliandika neno lile la fildi tu juu ya ubao na sikulifuta. Nadhani ndilo tatizo letu lote kwa maneno mawili. Wanafunzi hawa hawakosi ujuzi. Walichokosa ni lugha ya kuutaja, kwa sababu chuo kimewafundisha kuhesabu kuwa kazi kile tu kinachoweza kuandikwa katika sura ya matokeo.

Kwa pamoja tuliuandika upya mstari ule ukawa aya: alisimamia timu ya wakusanya data sita kwa miezi 14, aliandaa na kutoa mafunzo, alipata ridhaa ya viongozi na wakazi wa vijiji, alisimamia bajeti na kutoa taarifa za kila mwezi. Hakuna neno lililoongezwa chumvi. Nimelisema hili kwa mkazo kwa sababu mwanafunzi mwingine, aliyekwisha kupata moto wa zoezi, alikuwa tayari amejiandika mkuu wa kitengo cha takwimu ilhali alisaidia kuingiza dodoso kwenye kompyuta kwa wiki mbili. Tumeweka kanuni: kila sentensi ya wasifu lazima iwe na mtu anayeweza kuithibitisha akipigiwa simu, na ikiwezekana mtu huyo awe mmoja wa wale wadhamini watatu.

Jumatano, 15 Januari 2025

Leo ilikuwa zamu ya wasimamizi. Niliwaalika 12 wakaja watano, na nawashukuru hao watano kuliko wanavyojua. Profesa mmoja mkongwe, ambaye hata mimi aliwahi kunifundisha, hakuzunguka mbuyu. Alisema mwanafunzi akianza kutafuta kazi tasnifu hulala, na kwamba amewapoteza wanafunzi wawili kwa namna hiyo: walipata ajira, wakaahidi kuandika usiku, na sura zao za nne hazijaonekana hadi leo.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimweleza kwamba uchambuzi wa pamoja wa taasisi 10 za Marekani zilizokuwa na miradi kama huu, uliochapishwa mwaka 2021, haukuona kwamba kushiriki mafunzo ya kazi kulirefusha muda wa kuhitimu wala kupunguza idadi ya makala. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: “Vizuri, mwanangu. Lakini hao wanalipwa posho kila mwezi ili wasome. Wanafunzi wako wanajilipia ada, na mmoja wao akipata mshahara hatakuuliza uchambuzi unasemaje.” Sikuwa na jibu na bado sina. Matokeo ya kule yalipatikana kwa wanafunzi ambao uzamivu wao ndio ajira yao; wetu wengi wanauza muda wao mahali pengine ili walipie uzamivu. Nimeiandika hoja yake hapa kama alivyoitoa kwa sababu ndiyo hoja nzito zaidi iliyotolewa dhidi ya mradi, na yeyote atakayeandika taarifa ya mwisho asiiruke.

Tulikubaliana mambo mawili ya vitendo. Mwanafunzi aliyebakiza wiki sita au pungufu kabla ya kuwasilisha tasnifu hatahudhuria vikao vyetu, na kila msimamizi atapewa ratiba ya mwanafunzi wake ili asione anaibiwa. Wazo la kwamba wasimamizi wenyewe wafundishwe kuhusu soko la ajira lilipokelewa kwa ukimya, nami sikulisukuma.

Jumatano, 29 Januari 2025

Mgeni wetu, mkuu wa rasilimaliwatu wa kampuni moja kubwa ya mjini, alituma ujumbe wa kuahirisha dakika ishirini kabla ya kikao, watu wakiwa wameshakaa. Mwenzangu alimpigia simu mhitimu wetu wa uzamili wa kemia anayefanya kazi katika ofisi ya washauri waelekezi wa mazingira, na kwa bahati alikuwa karibu. Alikuja na viatu vyenye vumbi la eneo la mradi, na kikao kikawa bora kuliko kile tulichokipanga.

Alieleza kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka miradi ya aina nyingi ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na kwamba anayeifanya ni mtaalamu aliyesajiliwa, chini ya usimamizi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Wanafunzi wa sayansi walikuwa wakilijua hilo nusu nusu. Wasilolijua, na lililowaamsha wanafunzi wa sosholojia na hata wa historia, ni kwamba tathmini hiyo haifanywi na mkemia peke yake. Wananchi wa eneo husika lazima washirikishwe, maoni yao yaandikwe, na anayeweza kukaa na wazee wa kijiji, kuuliza vizuri, kusikiliza na kuandika alichosikia bila kukipotosha ana nafasi katika timu. Mwanafunzi wa historia anayekusanya masimulizi ya wavuvi wa Kilwa alinong’ona kwa jirani yake, na mimi nikamsikia, kwamba hicho ndicho anachokifanya kila siku.

Mgeni hakuificha sura ya pili ya kazi hiyo. Malipo huja kwa mradi, si kwa mwezi. Kuna miezi minne ya kukimbizana na kuna miezi ya kukaa. Alipoulizwa kama waajiri wanawaogopa wenye uzamivu alisema ndiyo, wengine wanawaogopa, wakidhani ataomba mshahara mkubwa au ataondoka chuo kitakapomwita, na akashauri mtu alizungumzie hilo mwenyewe kwenye usaili kabla hajaulizwa.

Jumatano, 12 Februari 2025

Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia kilianzisha mwaka 2008 shindano ambalo mwanafunzi wa uzamivu huieleza tasnifu yake kwa dakika tatu, akiwa na picha moja tu nyuma yake. Limesambaa duniani. Sisi tumeliazima, tukaongeza sharti letu: maelezo yawe ya Kiswahili kitupu, na msikilizaji awe mtu ambaye hajasoma fani hiyo. Tuliwaalika wahudumu wawili wa maktaba, mlinzi wa lango na mama anayetupikia chai.

Kati ya waliosimama 11, ni watatu waliofika dakika ya tatu bila kukwama. Sikuitegemea hali hii, kwa kuwa wote ni wazungumzaji wazawa na nje ya chumba kile hawaongei lugha nyingine. Lakini kila walichojifunza tangu kidato cha kwanza wamekijifunza kwa Kiingereza, na tasnifu wanaiandika kwa Kiingereza, hivyo walipofika kwenye kiini cha utafiti wao maneno yaliisha. Mmoja, mwenye utafiti mzuri sana kuhusu upotevu wa mahindi baada ya mavuno, alisimama sekunde ishirini akitafuta namna ya kuitaja sumukuvu. Mama wa chai ndiye aliyemsaidia: “Si ule ukungu wa mahindi, baba? Sema tu ukungu.”

Hili ni suala la ajira kabisa. Kikao cha halmashauri huendeshwa kwa Kiswahili. Mkutano wa wakulima, mahojiano ya redio, taarifa kwa kamati ya kijiji, vyote ni Kiswahili. Mtaalamu anayeweza kuifikisha hoja yake kwa diwani bila mkalimani ana thamani ambayo haionekani katika orodha ya machapisho. Tutalirudia zoezi kila mwezi. Mlinzi wa lango ameomba aalikwe tena, na ameshauri kwamba watu wapunguze kusema “katika muktadha wa”.

Jumatano, 5 Machi 2025

Ramadhani imeingia, kwa hiyo tumehamishia kikao saa nne asubuhi na chai tumeiweka kando. Somo lilikuwa muhtasari wa kisera: kurasa mbili, zinazoanza na pendekezo, zikifuatiwa na sababu, na mbinu za utafiti zikiwekwa mwisho au zisiwekwe kabisa. Kwa mtu aliyefundishwa kuanza na mapitio ya maandiko huku ni kutembea kinyumenyume. Tulitumia matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, kwa kuwa takwimu zake zinapatikana kwa yeyote na zinagusa kila fani. Mwanafunzi wa takwimu aliandika vizuri kuliko wote, na mwanafunzi wa fasihi akawa wa pili. Sina zaidi la kusema kuhusu leo, isipokuwa kwamba projekta ilikataa na hakuna aliyeikumbuka.

Jumatano, 9 Aprili 2025

Mada ya leo ilikuwa kazi zinazozaliwa na sheria mpya, mada niliyoipanga kwa ajili ya wanafunzi wa lugha na wa sayansi za jamii, ambao mara nyingi huambiwa kwamba nje ya darasa hawana pa kwenda. Mwaka 2021 sheria zetu zilirekebishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba maelfu ya kurasa zilizoandikwa kwa Kiingereza zinahitaji kufasiriwa na watu wanaoijua istilahi na wanaoweza kuulinda ujumbe usibadilike kwa kosa la kiambishi kimoja. Ukiongeza kwamba Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019 na Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, mwanafunzi wa uzamivu wa isimu ana soko ambalo mwalimu wake hakuwa nalo. Tulizungumza pia kuhusu Baraza la Kiswahili la Taifa na orodha yake ya wataalamu wa lugha. Kati ya wanafunzi sita wa Kiswahili waliokuwepo, hakuna hata mmoja aliyekuwa amejiorodhesha.

Sheria ya pili ni ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo imezitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu zijisajili na ziwe na afisa wa kulisimamia jambo hilo. Nani amezoea kuandika fomu ya ridhaa, kuficha majina ya wahojiwa, kufunga dodoso kabatini na kueleza mbele ya kamati kwa nini anakusanya umri wa mtu? Wanafunzi wetu wote waliopita kamati ya maadili. Nao, bila shaka, waliiita fildi tu.

Jumatano, 14 Mei 2025

Nafasi za mazoezi ya wiki sita tumezipata nne, tulipotarajia kumi. Mbili ziko katika mashirika yasiyo ya kiserikali, upande wa ufuatiliaji na tathmini, moja katika maabara na moja katika ofisi ya tafsiri. Taasisi nyingi tulizoziandikia zina utaratibu wa kupokea wanafunzi wa shahada ya kwanza tu, na barua zetu zilirudishwa na ombi la kujaza fomu inayouliza mwanafunzi yuko mwaka wa pili au wa tatu. Tatizo la nauli hatukuliona mapema. Mwanafunzi anayekaa Mbagala na kupangiwa Mbezi hupanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, na wiki sita bila posho si jambo dogo kwa mtu mwenye watoto. Wawili kati ya wanne wameomba wafanye siku tatu kwa wiki. Waajiri wao wamekubali.

Mwanafunzi yule wa GPA ya 3.5 hakuomba nafasi yoyote, na alikuwa amekosa vikao vitatu. Nilimpigia simu jioni. Alinipokea kwa shikamoo na kimya kirefu, kisha akasema anamalizia sura ya tano na hataki kusikia habari za kazi hadi aikabidhi. Nilimwambia ni sawa, tena ni sawa kabisa.

Jumanne, 8 Julai 2025

Jumamosi iliyopita tulikwenda Viwanja vya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, tukiwa 16. Maonesho ya Biashara ya Kimataifa huzikusanya taasisi za serikali, viwanda, mabenki na mashirika mahali pamoja kwa wiki mbili, na watu wanaokaa kwenye mabanda wametumwa kuzungumza na yeyote apitaye. Sielewi kwa nini hatukuliwaza hili tangu mwanzo. Kila mwanafunzi alipewa mabanda matano na swali moja: mtu wa mwisho mliyemwajiri alifanya nini katika miezi yake sita ya kwanza? Tulikataza kuuliza kama kuna nafasi, na tulikataza kugawa wasifu.

Majibu waliyoyaleta yalikuwa ya aina mbili. Wahusika wa uhusiano kwa umma walijibu kwa vipeperushi. Lakini pale mwanafunzi alipomwomba mtaalamu wa banda, yule mwenye koti la maabara au kompyuta mpakato, mazungumzo yalifika nusu saa. Mwanafunzi wa kemia alirudi akijua ni vipimo gani maabara moja imechelewa navyo kwa kukosa watu. Yule wa mahindi aliieleza sumukuvu kwa Kiswahili fasaha kwa mfanyabiashara wa nafaka, ambaye alimwomba namba ya simu kabla yeye hajaitoa.

Jumatano, 23 Julai 2025

Hali ya mradi ilivyo leo. Kati ya 31 walioanza, 18 wamehudhuria zaidi ya nusu ya vikao. Mwanafunzi wa wadudu ameitwa kwenye usaili wa mchujo. Ametuonyesha ujumbe, na amekwisha kupeleka vyeti kwa mwanasheria. Mwanafunzi wa historia amefanya kazi ya siku tisa kama mwandishi wa vikao vya ushirikishwaji wa wananchi katika tathmini moja ya mazingira huko pwani ya kusini, amelipwa, na amerudi kwenye tasnifu. Wawili wameacha masomo kwa sababu ya ajira, kama profesa alivyotabiri, na mmoja wao yuko chini ya usimamizi wangu. Nitaliandika hilo katika taarifa kwa Kurugenzi bila kulizungushia maneno.

Mwanafunzi wa GPA ya 3.5 aliwasilisha tasnifu yake wiki iliyopita. Leo alikuja ofisini na wasifu wa kurasa mbili, ambao hakuna aliyemsaidia kuuandika, na akaniomba nisome aya ya tatu tu. Nimeisoma. Imeeleza miaka yake mitatu kwa sentensi tano, na kila sentensi ina mtu wa kupigiwa simu. Nilimrekebishia koma moja.

Ombi letu kwa mwaka ujao limebaki moja, na Kurugenzi imelikubali kwa majaribio: fomu ya kujiunga na uzamili na uzamivu itaongezwa ukurasa. Juu yake yatachapwa masharti ya nafasi ya Mhadhiri Msaidizi katika vyuo vya umma pamoja na sharti la umri katika utumishi wa umma. Chini yake mwombaji ataandika GPA ya shahada yake ya kwanza na kazi anayoitaka, na msimamizi atatia sahihi kwamba wameusoma ukurasa huo pamoja. Rasimu iko kwa mpigachapa. Chumba cha semina nimekiombea tena Jumatano alasiri kuanzia Oktoba, na projekta nimeomba nyingine.